Vumbi la asbesto liliisha miaka 20 iliyopita, mbona pafu bado linaendelea kukakamaa?

#1 MpimaPumzi
Wakuu, salaam. Swali langu ni moja na nataka majibu ya watu wanaolijua jambo hili.

Chukueni mgonjwa wa asbestosisi (kovu la pafu linaloletwa na vumbi la asbesto), fundi wa kuvalisha mabomba ya boila, ambaye ameacha kazi miaka 20. Tangu siku hiyo hajagusa vumbi. Lakini kila mwaka akipuliza kwenye mashine, jumla ya pumzi anayotoa kwa nguvu (FVC) inapungua. Uwiano wa pumzi ya sekunde ya kwanza kwa jumla uko vizuri, hata umepanda kidogo, kwa hiyo njia za hewa hazijaziba. Kinachoshuka vibaya ni uwezo wa gesi kupenya kutoka kwenye vifuko vya hewa hadi kwenye damu. Ukimwekea kifaa mgongoni chini ya bega, mwisho wa kuvuta pumzi unasikia mchakacho mkavu, kama kamba ya sandali ya kunatisha inayobanduliwa taratibu. Akikohoa, mchakacho hauondoki.

Ugonjwa wa vumbi la silika (la mawe na mchanga) ukiacha kulivuta unaweza kuendelea pia, hilo tunalijua. Hapa nauliza kuhusu asbesto: moto umeondolewa kuni, nani anaendelea kuupuliza? Msimamo wangu ni kwamba ni nyuzi zenyewe, bado zimo ndani. Mwenye hoja nyingine aimwage.

#2 SeliMlaji
Nakuunga mkono #1, nikuongezee namna inavyotokea.

Seli mlaji za kwenye vifuko vya hewa, makrofaji, zina upana wa mikromita 15 hadi 20. Kazi yake ni kumeza uchafu, kuuyeyusha au kuubeba kuupeleka nje. Sasa inakutana na uzi wa mikromita 30. Inaanza kuumeza upande mmoja, mwisho wa pili unabaki nje. Ni kama chatu aliyemeza fito ndefu kuliko yeye: hawezi kufunga mdomo. Kupitia mdomo huo ulio wazi vinavuja vimeng'enya na kemikali kali zilizokusudiwa kuuyeyusha uzi. Tishu ya jirani inaungua. Seli inatoa pia ishara, kubwa ikiwa TGF-beta, za kuita seli zinazofuma kolajeni, protini ya kovu. Hizo zikija zinafuma kovu.

Halafu makrofaji inakufa, uzi unabaki mzima, makrofaji nyingine inakuja kuanza upya. Mzunguko huo hauhitaji vumbi jipya hata chembe.

#3 Jiwe_na_Madini
#2 umeeleza vizuri ila umezichanganya nyuzi zote kwenye kapu moja. Asbesto si madini moja, ni sita. Krisotili, yaani nyeupe, iko peke yake kwenye kundi la serpentini. Nyingine tano ni za amfiboli: ya bluu (krosidolaiti), ya kahawia (amosaiti), tremolaiti, aktinolaiti na anthofilaiti.

Krisotili ni karatasi nyembamba iliyojiviringisha kama mkeka. Ikiingia kwenye mazingira yenye asidi, magnesiamu inachuruzika, uzi unalegea na kukatika vipande vifupi ambavyo makrofaji inavimudu. Muda wake pafuni huhesabiwa kwa wiki na miezi. Amfiboli ni vijiti imara, vinakaa miaka na miongo.

Kwa hiyo #1, kabla ya kusema "nyuzi bado zimo", uliza alikuwa anashika aina gani. Mabomba ya boila kwa kawaida yalivalishwa mchanganyiko wenye ya kahawia au ya bluu, na hapo dai lako linasimama. Angekuwa wa nyeupe tupu, ungekuwa na pengo la kueleza.

#4 Mdadisi_77
Asanteni kwa darasa. Kwa hiyo nyeupe ni salama?

#5 Jiwe_na_Madini
Hapana! Sijasema hivyo na naomba mtu asiondoke hapa na neno hilo.

Shirika la utafiti wa saratani la WHO limeziweka aina zote sita kundi la kwanza: zinasababisha saratani kwa binadamu, za pafu, mesothelioma (ya utando unaozunguka pafu au tumbo), koo la sauti na ovari. Wafumaji wa kiwanda cha nguo za asbesto cha Charleston, South Carolina, walitumia karibu nyeupe tupu, na waliugua asbestosisi na saratani ya pafu kwa kiwango cha kutisha.

Tofauti inayojadiliwa ni ya mesothelioma. Hodgson na Darnton mwaka 2000 waliweka uwiano wa hatari kwa kila dozi: nyeupe 1, kahawia 100, bluu 500. Kwenye saratani ya pafu pengo ni dogo zaidi. Na 1 si sifuri.

#6 ChumaMoto
Mmesahau chuma. Zaidi ya robo ya uzito wa asbesto ya bluu na ya kahawia ni chuma. Chuma hicho juu ya uso wa uzi kinachochea kuzaliwa kwa chembe huru za oksijeni zinazokata DNA na kuunguza utando wa seli. Uso wa uzi haumaliziki, kwa hiyo kiwanda hicho hakifungwi.

Ushahidi uko kwenye darubini. Chukua kipande cha pafu, kipake rangi ya Perls inayogeuza chuma kuwa bluu. Utaona kijiti chembamba kinachopitisha mwanga katikati, kimevikwa shanga za bluu, ncha mbili zimevimba kama rungu. Hicho ndicho kiini cha asbesto: uzi uliovikwa protini na chuma na mwili wenyewe. Vigezo vya Helsinki (mwongozo wa kimataifa wa kutambua magonjwa ya asbesto) vinataka wastani wa angalau viwili kwa kila sentimita ya mraba, pamoja na kovu la mpangilio unaohusika, ndipo mtaalamu wa tishu aandike asbestosisi.

#7 SeliMlaji
#6 hoja ya chuma naiheshimu ila ina mashimo mawili.

Kwanza, erionaiti. Si asbesto, ni zeolaiti, kundi jingine la madini, na chuma chake ni kidogo mno. Lakini vijiji vya Karain na Tuzköy huko Kapadokia, Uturuki, vilikumbwa na mesothelioma kwa wingi usio wa kawaida kwa sababu ya madini hiyo. Inafanana na asbesto kwa umbo na kwa kutoyeyuka.

Pili, shanga ulizozieleza zinavalishwa na mwili kama kinga, na nyuzi nyingi pafuni hazijavikwa kabisa. Ukihesabu viini peke yake unahesabu wachache.

#8 ChumaMoto
La erionaiti nakubali linaniumiza kichwa. Lakini kuna wanaosema uzi wowote mrefu hukusanya chuma cha mwili wenyewe ukishakaa pafuni, hata kama uliingia bila chuma. Bado sijaiacha hoja yangu.

#9 PichaYaKifua
Habari wadau. Kabla hamjaendelea kugombania uzi na chuma, nani kahakikisha kwamba huyo wa #1 ana asbestosisi? Kovu la pafu lisilojulikana chanzo (IPF) linatoa mchakacho uleule, vipimo vya pumzi vilevile, vidole rungu (vilivyovimba ncha) vilevile. Na hilo linakimbia: bila tiba, nusu ya wagonjwa hufariki ndani ya miaka 3 hadi 5. Asbestosisi hutambaa. FVC ikiporomoka kwa kasi, shuku kwanza jina la ugonjwa.

Eksirei ya kawaida haitoshi. Fanya CT ya vipande vyembamba, na mgonjwa alale KIFUDIFUDI. Hapa wengi wanakosea. Akilala chali, damu na uzito vinazama chini mgongoni, palepale asbestosisi inapoanzia, na weupe unaouona unaweza kuwa wa mlalo tu. Mgeuze. Weupe ukihama, haukuwa kovu. Ukibaki, soma:

– vidoto vidogo karibu na ukingo wa pafu, ndizo dalili za mapema
– mistari iliyopinda sambamba na utando unaozunguka pafu, chini ya sentimita 1 kutoka ukingoni
– mikanda ya kovu ya sentimita 2 hadi 5 inayogusa utando
– baadaye sana, sega la nyuki (vishimo vya hewa vilivyozungukwa na kovu) kwenye sehemu za chini

Halafu tafuta mabaka ya utando, yaani sehemu zake zilizoganda na kunenepa. Kovu la chini likiwa na mabaka pande zote mbili, na historia ya kazi ipo, uzito unaelekea asbesto. Kukosekana kwa mabaka hakufuti.

#10 MpimaPumzi
#9 umenigusa penyewe. Mfano wangu una mabaka pande zote. Eksirei ilisomwa 1/1 kwa mizani ya ILO (Shirika la Kazi Duniani), miaka kumi baadaye 2/1. Kwa wasioijua: tarakimu ya kwanza ni daraja msomaji alilolichagua, ya pili ni daraja alilolifikiria kwa uzito kabla ya kuamua. Madaraja yako 12. Kuanzia 1/0 ndipo huhesabiwa kuwa kuna jambo.

Nasisitiza na upande wa kupuliza: usilinganishe mwaka kwa mwaka kama mipulizo haikubaliki. Unahitaji mitatu mizuri, na miwili mikubwa isipishane zaidi ya mililita 150. Mgonjwa akiinama, akivujisha hewa pembeni mwa mdomo au akikatisha mapema, FVC inashuka kwa uongo, na watu wanaandika "ugonjwa umeendelea".

#11 Mdadisi_77
Swali lingine wakuu. Hayo mabaka ndiyo yanageuka kuwa mesothelioma?

#12 PichaYaKifua
Hayageuki. Mabaka ni kolajeni iliyoganda kwenye utando wa upande wa mbavu na juu ya kiwambo, kwa kawaida kati ya mbavu ya 6 na ya 9. Hujitokeza miaka 20 hadi 30 baada ya vumbi la kwanza, baadhi huweka chokaa na kuonekana kama nta iliyodondokea. Ni alama kwamba mtu alivuta asbesto. Hatari ya saratani aliyo nayo inatokana na nyuzi, baka lenyewe halina mbegu.

Usiyachanganye na kunenepa kwa utando mzima, ambako kunabana pafu na kukata pumzi kweli. Wala na maji ya kifuani, ambayo yanaweza kuwahi kuliko yote, hata ndani ya miaka 10. Maji hayo mara nyingi hukauka yenyewe ndani ya miezi, ila usimwambie mtu "si kitu" mapema. Kwa desturi hufuatiliwa miaka 3 bila saratani ndipo huitwa ya kawaida. Kuvuta maji na kuangalia seli hukosa mesothelioma nyingi. Kuingiza kamera na kukata kipande cha utando ndiko kunakotoa jibu la kuaminika.

#13 Kifua_Kizito
Naongezea kwamba sigara ndiyo inayoongoza kuleta mesothelioma, kwa hiyo waache kuvuta.

#14 SeliMlaji
#13 kuacha ni sawa, sababu siyo. Sigara haileti mesothelioma. Inagusa saratani ya PAFU, na hapo ni balaa. Takwimu za Hammond, Selikoff na Seidman za mwaka 1979 kwa wafunga vihami joto wa Amerika Kaskazini: ukimlinganisha na asiyevuta na asiyegusa asbesto, mwenye asbesto peke yake alikuwa na hatari ya kufa kwa saratani ya pafu mara 5 hivi, mvutaji peke yake mara 11, mwenye vyote mara 53. Hazijumlishwi, zinakaribia kuzidishana.

Ndiyo maana kwa mtu ambaye vumbi lake ni la zamani, kuacha sigara ndiyo hatua kubwa kuliko zote zilizobaki mikononi mwake. Nyuzi huwezi kuzitoa. Kuosha pafu, dawa ya kikohozi, maziwa, hakuna kinachozifuata zilipo.

#15 Kifua_Kizito
Nimesahihishwa, ahsante. Kwa hiyo mtu akivuta vumbi siku moja tu lilipovunjwa paa, ajihesabu mgonjwa?

#16 DoziNiHesabu
Hapana, tupige hesabu. Dozi = nyuzi kwa mililita ya hewa × miaka ya kazi. Nyuzi 1 kwa miaka 25 ni 25. Nyuzi 5 kwa miaka 5 ni 25 vilevile. Hapo kwenye 25 ndipo vigezo vya Helsinki vinaposema hatari ya saratani ya pafu imekaribia maradufu, na asbestosisi inayoonekana kliniki kwa kawaida ni ya watu wa dozi za namna hiyo. Kikomo cha kazini kinachotumika nchi nyingi ni 0.1, mtu akivuta kiwango hichohicho cha kikomo miaka 40 anafikia 4. Umoja wa Ulaya umeshuka hadi 0.01 kwa sheria ya 2023.

Siku moja haileti asbestosisi. Mesothelioma ni habari nyingine: hatari yake hupungua kadiri dozi inavyopungua lakini hakuna aliyeonyesha sakafu ambayo chini yake ni sifuri. Kwa siku moja hatari ni ndogo sana. Andika tarehe na aina ya kazi, mwambie daktari iwekwe kwenye faili, maisha yaendelee.

Na jueni namba hizo zinahesabu nini: nyuzi zenye urefu unaozidi mikromita 5, unene chini ya 3, urefu angalau mara tatu ya unene, na ambazo darubini ya kawaida ya maabara hizo inaziona. Fibrili moja ya krisotili ina unene wa karibu mikromita 0.03. Darubini hiyo haiioni kabisa, inahitaji ya elektroni.

#17 Jiwe_na_Madini
#16 hapo umegusa kidonda. Kuna wanaosema nyuzi fupi na nyembamba zisizohesabiwa ndizo zinazokutwa zaidi kwenye utando, na nyingi ni krisotili. Mtafiti Stanton yeye alisema hatari kubwa iko kwa nyuzi ndefu kuliko mikromita 8 na nyembamba kuliko 0.25. Kambi hizi mbili hazijapatana.

#18 FundiPaa
Wadau, nageuza mada kidogo maana wanaosoma ni mafundi pia. Bati la asbesto lenye saruji huwa na nyuzi asilimia 10 hadi 15 hivi, zimefungwa na saruji. Likitulia halitoi vumbi la maana. Linatoa ukilikata, ukilitoboa, ukilisugua au likioza. Kulishusha:

Kwanza barakoa. Ya hospitali haisaidii kitu. N95 nayo kanuni za Marekani haziikubali kwa asbesto. Vaa nusu uso yenye vichujio vya P100 au P3, au FFP3 iliyopimwa usoni mwako. Ndevu za siku mbili zinatosha kupitisha hewa pembeni.

Lowesha bati pande zote kwa pampu ya mgongoni, mpulizo laini, maji yenye sabuni ya maji kidogo, maana maji matupu yanateleza juu bila kupenya. Mashine ya maji ya presha usiiguse: inachana uso na kutupa tope lenye nyuzi kila mahali. Kata misumari au fungua boliti kutoka kwenye kichwa, usivute bati likatokee na msumari. Grainda marufuku. Teremsha bati zima mkononi, usilidondoshe. Usikanyage katikati, linavunjika bila kutoa onyo na watu wanapita nalo hadi sakafuni.

Funga kwa nailoni nzito tabaka mbili, andika juu. Vipande vidogo okota kwa kitambaa kibichi. Ufagio ni adui, na kifyonza vumbi cha nyumbani ni adui zaidi: kinazirusha nje kwa nyuma.

Nguo za kazi zisiende nyumbani. Wapo wake za wafanyakazi waliopata mesothelioma kwa kukung'uta na kufua ovaroli tu.

#19 BrekiSafi
#18 upo vizuri, nakazia kwa gereji. Dramu za breki za zamani usizipulize kwa upepo wa kompresa. Lowesha kwanza, futa, tupa kitambaa kikiwa kibichi.

#20 Jiwe_na_Madini
#19 ni sawa, ila kwa usahihi: joto la breki linageuza sehemu kubwa ya krisotili kuwa forsteraiti, madini ambayo si asbesto, kwa hiyo vumbi la dramu huwa na asbesto chini ya asilimia 1 mara nyingi. Hatari kubwa zaidi ilikuwa kwenye kusaga na kutoboa pedi mpya.

#21 BrekiSafi
Asilimia 1 ya vumbi linalopulizwa usoni kila siku miaka 30 si ndogo, mkuu. Hesabu ya #16 itumike hapa pia.

#22 Mdadisi_77
Nimesoma kwamba mesothelioma iligunduliwa 1960 kwa wachimbaji 33 wa Afrika Kusini.

#23 DoziNiHesabu
Karibu upatie. Wagner, Sleggs na Marchand walichapisha 1960 wagonjwa 33, wengi wakitokea eneo la asbesto ya bluu la Rasi ya Kaskazini. Lakini si wote wachimbaji. Baadhi walikuwa wameishi tu karibu na machimbo, wengine tangu utotoni. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba dozi ndogo za mazingira zinatosha, na kwamba ugonjwa unasubiri miaka 30, 40 au zaidi. Uvimbe wenyewe ulishaelezwa kabla. Kilichokuwa kipya ni kuufunga na asbesto.

#24 MpimaPumzi
Turudi #1 maana tumesafiri mbali, ingawa safari imekuwa na faida. Mpaka sasa nina majibu manne: nyuzi ambazo seli zinashindwa kuzimeza, chuma, ugonjwa mwingine uliojificha, na vipimo vibovu. Kuna la tano?

#25 Mama_Kliniki
Lipo. Kovu lenyewe. Pafu likishakakamaa kiasi fulani, ugumu wake unaziamuru seli za kufuma ziendelee kufuma, hata uzi ukitoweka. Ndiyo maana hata krisotili inayoyeyuka inaweza kuacha ugonjwa unaotembea, na pengo la #3 linaweza kuzibwa hivyo. Ndiyo maana pia nintedanibu, dawa ya kupunguza kasi ya kovu, hutumika kwa makovu yanayoendelea ya vyanzo mbalimbali: haigusi uzi, inagusa ufumaji. Haiponyi. Steroidi hazisaidii asbestosisi, msimpe mtu miaka ya vidonge na kisukari juu.

Kwa wa #1 ningefanya haya leo: chanjo ya mafua na ya nimonia, mazoezi ya kupumua na kutembea chini ya msimamizi, kupima oksijeni akiwa ametulia NA akitembea dakika 6, kwa sababu oksijeni ya wengi husomeka vizuri wakiwa kwenye kiti na kushuka wakitembea. Akiwa ametulia ikifika asilimia 88 au chini, anahitaji oksijeni ya nyumbani.

#26 SeliMlaji
#25 hoja ya kovu kujiendesha ni nzuri, lakini inatabiri kwamba kila mwenye kovu ataendelea, na wengi hawaendelei. Picha zao zinakaa palepale miaka na miaka. Wanaoendelea zaidi ni waliovuta dozi kubwa na walioanza na picha mbaya. Hilo linarudisha mpira kwa idadi ya nyuzi.

#27 Mama_Kliniki
Au linasema kwamba kuna kizingiti cha ukakamavu na waliovuta dozi kubwa ndio wanaokivuka. Ushahidi uleule, tafsiri mbili.

#28 PichaYaKifua
#24 leta CT ya kifudifudi ya zamani na ya sasa, unene wa vipande uwe sawa, tuweke kando kwa kando. Mikanda ikiwa ileile na sega la nyuki halijaongezeka, nitaanza kuuliza kuhusu uzito wake, moyo wake na utando ulionenepa, kabla ya kumlaumu uzi au kovu.